Je, Wajua? Saa ya Lengo Lako Haiokotwi, Hutengwa

Kila mtu ana jambo analolisubirisha: cheti alichokiacha njiani, kitabu anachotaka kukiandika, juzuu anayotaka kuihifadhi, ufundi wa cherehani, duka, mbio za kupunguza uzito. Wengi husema wataanza wakipata nafasi. Safu ya leo inakuletea mambo 30 kuhusu muda, kazi na malengo binafsi, na yote yanaelekea upande mmoja. Waliotimiza yao huku wana shughuli tele waliitenga nafasi hiyo wenyewe, hata ilipokuwa ndogo, wakaipa saa na mahali, kisha wakailinda.

HESABU ZA MUDA

1. Juma lina saa 168. Toa 56 za kulala, 45 za kazi, 15 za njiani, na 28 za kupika, kufua, watoto na ibada. Zinabaki 24. Kwa mwenye kazi mbili au anayeuguza mtu nyumbani zitapungua sana, lakini ni wachache ambao hesabu yao hufika sifuri kabisa. Ifanye yako kwa kalamu, usiikisie.

2. Hizo saa 45 ni kikomo cha kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa juma na 9 kwa siku, mbali na saa za ziada. Inampa pia mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa siku za kazi zisizopungua 21. Siku tatu tu za likizo, zikipangwa mapema, zinatosha kufuatilia usajili wa chuo au leseni ya biashara ambayo umeiahirisha mwaka mzima.

3. Saa zako za jioni zilipiganiwa. Mei 1886 wafanyakazi wa Chicago na miji mingine ya Marekani waligoma wakidai kazi isizidi saa 8 kwa siku, ili saa 8 ziwe za kulala na 8 ziwe zao wenyewe. Mei Mosi tunayoiadhimisha imetoka huko. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulihusu jambo hilohilo.

4. Dakika 20 kila siku ni saa 121 na dakika 40 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya siku 13 nzima za kazi za saa 9.

5. Ukiandika maneno 200 kwa siku, mwaka ukiisha una maneno 73,000, ambayo ni riwaya kamili. Ukisoma kurasa 10 kwa siku, umesoma 3,650, yaani vitabu 18 vya kurasa mia mbili mbili.

6. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604. Anayesoma kurasa 4 baada ya kila swala ya faradhi anasoma 20 kwa siku, kiasi cha juzuu moja. Ndiyo maana watu wengi hukhitimu ndani ya Ramadhani bila kuacha kazi zao. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Sura 3 kila siku na 5 Jumapili zinaimaliza ndani ya mwaka.

7. Nairobi, kwa kuwa karibu na Ikweta, ina tofauti ya dakika chache tu kati ya siku yake ndefu kabisa na ile fupi. Dar es Salaam tofauti hiyo haifiki saa moja. London, mwanga wa siku za mwisho za Desemba haufiki saa 8, na wa Juni huzidi 16. Kwa hiyo mtu wa Afrika Mashariki anayeamua kukimbia au kusoma kunapopambazuka anaweza kushika saa ileile Januari hadi Desemba. Ratiba yake haina majira ya kuivuruga.

WALIKUWA KAZINI KAMA WEWE

8. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali. Alianza kazi Idara ya Forodha mwaka 1926, akiwa kijana wa miaka 17, na akaendelea kutumikia ofisi za serikali kwa miongo mitatu na zaidi. Kusadikika ilitoka mwaka 1951, akiwa bado kazini. Alipofariki mwaka 1962, na umri wa miaka 53, alikuwa ameacha kazi zaidi ya 20 za mashairi, riwaya, insha na wasifu. Sehemu kubwa ya hazina hiyo iliandikwa na mtu ambaye kesho yake asubuhi alitakiwa mezani kwa mwajiri.

9. Julius Nyerere aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, ikachapishwa mwaka 1963, nchi ikiwa na uhuru wa miaka miwili tu. Mabepari wa Venisi ilifuata mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mtu aliyekuwa Rais wakati wote huo alipata nafasi ya kukaa na kalamu na kutafuta mizani ya Kiswahili kwa mistari ya Mwingereza wa karne ya 16.

10. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alikwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, akafanya kazi za nyumbani na baadaye akaajiriwa Hospitali ya Muhimbili. Alianza kuchora mwaka 1968, kwenye mbao za dari na kwa rangi ya kupakia baiskeli, kwa sababu hivyo ndivyo alivyoweza kununua. Picha ziliuzwa Oysterbay, karibu na Morogoro Stores. Aliuawa mwaka 1972. Alichora kwa miaka kama minne tu, na mtindo wenye jina lake unalisha familia za wachoraji mpaka leo.

11. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikuwa mkaguzi wa afya, kisha mhariri wa jarida la Mkulima. Bwana Msa, mpelelezi wake mwenye kiko, alizaliwa katika hadithi iliyoshinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1957 na 1958. Hadithi hiyo ni Mzimu wa Watu wa Kale. Mashindano yana tarehe ya mwisho, na tarehe ya mwisho humtoa mtu kitandani.

12. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, alianza kuandika akiwa na umri wa miaka kama 21, ugenini Uingereza. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, akiwa na miaka 38. Alifundisha Chuo Kikuu cha Kent hadi alipostaafu mwaka 2017, na nyingi ya riwaya zake 10 za kabla ya Tuzo ya Nobel ya 2021 aliziandika akiwa mwalimu mwenye madarasa na mitihani ya kusahihisha.

13. Mwandishi Mwingereza Anthony Trollope alikuwa ofisa wa Posta. Kila siku saa 11:30 alfajiri alikuwa mezani, akaandika kwa saa 3 kabla ya kwenda kazini, saa ikiwa mbele yake, maneno 250 kila robo saa. Alimlipa mtumishi wake pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa, na aliandika kwamba huenda ana deni kwa mtu huyo kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Aliacha riwaya 47.

14. Toni Morrison alikuwa mhariri katika kampuni ya vitabu na mama aliyelea watoto wawili wa kiume peke yake. Aliandika kabla ya mapambazuko, kabla watoto hawajaamka. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1970, akiwa na miaka 39. Mwaka 1993 alipewa Nobel.

15. Mshairi Wallace Stevens alikuwa mkuu katika kampuni ya bima, na mashairi aliyatunga akitembea kwa miguu kwenda ofisini. Mshairi mwenzake William Carlos Williams alikuwa daktari, akaandika katikati ya wagonjwa. Albert Einstein alikuwa mkaguzi katika ofisi ya hataza mjini Bern alipotoa makala zake maarufu za mwaka 1905.

16. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya yake ya Kigikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka 1978, juu ya karatasi za chooni. Alinyimwa uhuru na karatasi za kuandikia. Anayesoma mfano huu akiwa na daftari mkononi ana cha kuanzia.

UMRI NA SHULE

17. Kimani Maruge wa Kenya aliandikishwa darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004, akiwa na miaka 84, baada ya serikali kufuta karo ya shule za msingi. Alivaa sare kama wanafunzi wenzake. Mwaka 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, kwenda Umoja wa Mataifa, New York, kuitetea elimu ya bure.

18. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Kilikusudiwa mwalimu wa wilayani, muuguzi wa zamu na askari asiyeweza kuacha kituo: mtu anasoma alipo, kwa muda wake. Na aliyekosa kidato cha nne bado ana njia ya mtihani wa maarifa, yaani QT, kisha mtihani wenyewe kama mtahiniwa wa kujitegemea.

19. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusoma. Wengi wao walikuwa wakulima. Kila juma, kwa majuma 12, kikundi kilisikiliza kipindi cha redio, kikasoma kijitabu, kikajadili, kisha kikaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi ya mbu. Watu waliotoka shambani wamechoka walihudhuria kwa sababu siku ilijulikana, saa ilijulikana, na wenzao walikuwa wanawangoja. Ukitaka kujifunza jambo na unajijua kuwa mzito peke yako, tafuta wa kukungoja.

WATAFITI WANASEMAJE?

20. Ile kauli kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21 ilitokana na kitabu cha mwaka 1960 cha Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura, aliyekuwa akizungumzia wagonjwa wake kuzoea sura mpya. Phillippa Lally na wenzake wa London walipofuatilia watu 96, walipata wastani wa siku 66, na makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Waliona pia jambo la kufariji: kukosa siku moja hakukuharibu safari. Basi ukiteleza Jumanne, Jumatano endelea ulipoachia.

21. Katika utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2002, watu walioandika siku, saa na mahali watakapofanya mazoezi walifanya kwa asilimia 91. Wale ambao hawakuandika, hata waliohamasishwa kwa maelezo ya faida zake, hawakufika asilimia 40. Hamasa walikuwa nayo. Walichokosa ni miadi.

22. Wanafunzi 37 wa chuo kikuu nchini Kanada waliulizwa tasnifu zao zitakwisha lini. Walikisia siku 34 kwa wastani. Zilichukua zaidi ya 55. Kwa hiyo ukipanga kumaliza kozi kwa miezi miwili, jiandalie mitatu na nusu, na usijione mvivu ikifika hapo.

23. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, alipima mwaka 2004 kwamba mtu hukaa kwenye jambo moja la kompyuta kwa dakika 2 na nusu hivi kabla ya kuruka jingine. Vipimo vya miaka ya karibuni vilishuka hadi sekunde 47. Mtafiti mwingine, Sophie Leroy, alionyesha mwaka 2009 kwamba ukiacha kazi katikati, sehemu ya akili hubaki kule ulikotoka. Mshika mbili moja humponyoka. Katika dakika 20 za lengo lako, simu janja ilale chumba kingine.

24. Watu 57 walilazwa katika maabara ya usingizi nchini Marekani. Waliotumia dakika 5 kabla ya kulala kuandika kazi zinazowangoja walisinzia mapema kwa takriban dakika 9 kuliko walioandika waliyokwisha kuyafanya. Daftari kando ya kitanda hupokea mizigo ambayo kichwa kingeibeba usiku kucha.

25. Katherine Milkman na wenzake waliwapa watu vitabu vya kusikiliza vyenye visa vya kusisimua, kwa sharti moja: visikilizwe kwenye ukumbi wa mazoezi tu. Mwanzoni waliongeza mahudhurio kwa asilimia 51 kuliko wenzao, ingawa baada ya muda hamasa ilishuka. Jaribu: taarabu au kipindi unachokipenda kiwe cha wakati wa kutembea tu.

26. Milkman na watafiti wengine waligundua pia kwamba watu hushika malengo kwa nguvu mpya mwanzo wa juma, wa mwezi, wa mwaka, na baada ya siku ya kuzaliwa. Usingoje Januari, basi. Mwaka una Jumatatu zisizopungua 52.

27. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanafunzi Mtaliano, Francesco Cirillo, alishindwa kutulia kusoma. Akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akajipa dakika chache za kusoma bila kuinuka. Leo utaratibu wake unatumika duniani kote: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika.

28. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, ilianza kufuta safari na foleni nyingi za kutuma pesa. Leo umeme wa LUKU, maji na ada hulipwa kwa simu. Saa zilizookolewa zimekwenda wapi? Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan alionyesha mwaka 1983 kwamba mashine za nyumbani za Marekani hazikumpunguzia mama wa nyumbani saa za kazi kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa viwango vya usafi vilipanda na kazi mpya zikaingia. Muda uliookolewa ukiachwa bila jina humezwa na jambo lingine. Ukiokoa nusu saa, iandikie lengo papo hapo.

NYUMBANI NDIKO KWENYE UAMUZI

29. Kwa hesabu ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018, wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za malezi na nyumbani zisizolipwa. Hapa ndipo ushauri mwingi kuhusu muda unapokuwa dhuluma. Humwambii mke au dada aamke saa 10 alfajiri kusoma wakati ndiye aliyeosha vyombo vya mwisho saa 5 usiku. Watafiti wa Australia walipima mwaka 2000 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mwenye ulevi wa kiwango kinachokatazwa kuendesha gari katika nchi nyingi. Na WHO pamoja na Shirika la Kazi zilikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35. Muda wa lengo usiibwe kwenye usingizi, wala usitoke kwa mtu mmoja wa nyumba. Baba akishika sufuria siku mbili za juma na kaka akienda kuchota maji, mama amepata saa zake za darasa. Hakuna mbinu ya simu wala kitabu cha hamasa kinachoifikia hatua hiyo.

30. Wanachama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, wanaijua kanuni ambayo wengi wetu tunaisahau tunapopanga muda. Fedha ya hisa hutengwa kwanza, kabla ya matumizi mengine. Anayengoja kinachobaki mwisho wa juma hukuta hakuna kilichobaki. Saa ya lengo lako itenge hivyohivyo. Leo jioni andika mistari minne: ni jambo gani, siku gani na saa ngapi, mahali gani, na nani wa nyumbani atakushikia kazi katika dakika hizo. Huo wa nne ndio unaoachwa na wengi, na ndio unaoamua kama mitatu ya kwanza itadumu. Msomee mhusika, mkubaliane, naye umuulize lengo lake ni lipi, umtengee saa yake. Kisha anzeni kesho.